Kadi za Krismasi kwa anayeogopa kuchora

Kama una hamu ya kuchora lakini mkono unakuwa mzito mbele ya karatasi tupu, anza na kadi za Krismasi. Kadi ni ndogo, haitishi, na kuna mtu atakayefurahi kuipokea.

Kata manila ya A4 katikati, kisha kunja kila nusu. Utapata kadi mbili za sentimita 10.5 kwa 14.8, zinazoingia vizuri kwenye bahasha ya C6.

Sasa chagua kitu kimoja tu, ukichore kwenye kadi kumi, yaani manila tano. Theluji ya nini? Hapa Malindi Desemba ni kaskazi, msimu wa joto na upepo wa kaskazini-mashariki, na mashua ziko mbele ya macho yetu. Kaa ufukweni asubuhi, uitazame moja vizuri kabla ya kushika penseli: tanga ni pembetatu iliyovimba, foromali, ule mti unaoshika tanga, imekaa mshazari, mlingoti umeinama kidogo kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Mistari mitano sita hivi, basi. Juu ya foromali weka nyota.

Raba iache nyumbani, hilo nalisisitiza. Mstari ukipinda, uache, uchukue kadi nyingine. Nyuma ya kila moja andika namba kwa penseli. Ukizipanga mezani utaona mwenyewe mkono ulipoanza kutulia. Wangu ulitulia kwenye ya sita. Halafu pitisha wino mweusi, na rangi moja tu kwenye nyota.

Na ile ya kwanza usiitupe. Yangu nilimpa shangazi, bado ameibandika kwenye kabati la vyombo.