Begi la kamera na laptopu: angalia zipu kwanza

Ukienda kununua begi la mgongoni la kubebea kamera na laptopu, usianze na rangi wala idadi ya mifuko. Angalia zipu kubwa inafungukia wapi. Zuri ni lile linalofungukia upande unaogusa mgongo: ukiwa kwenye foleni ya boti ya Zanzibar au umebanwa ndani ya daladala, aliye nyuma yako hapati pa kuingiza mkono. Tena ukililaza chini kwenye vumbi ulifungue, mikanda inabaki juu na shati halichafuki.

Kisha ingiza mkono kwenye mfuko wa laptopu. Ukigusa kitako cha begi, liache hapo dukani. Kila ukilitua, kona ya laptopu ndiyo itakayopokea kishindo.

Ukipanda ndege ndogo za kwenda Serengeti, mzigo unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15 tu, na wenye ndege wanataka begi laini. Begi tupu la kilo 3 limeshakula fungu lako. Betri za akiba ubaki nazo mwenyewe ndani ya ndege. Na kifuniko cha mvua kisikosekane. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2019, rambo la kukuokoa hulipati.