Somo: Kuchukua sampuli ya DNA kwenye kinyesi cha tembo, Liwale hadi Nanyumbu

DNA ya tembo hutafutwa kwenye ute unaong'aa juu ya bonge, wenye seli zilizobanduka utumboni. Ukichimba katikati unaambulia nyasi. Kibali cha utafiti (cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia) kiwe mkononi kabla hujaingia porini.

1. Chagua kinyesi cha usiku huo: kibichi, kinang'aa, nzi wamekijaa. Kilichopigwa na jua kutwa au kunyeshewa kiache. Kiangazi ndiyo msimu wake. Masika ute huoshwa.

2. Glavu mpya na kijiti kipya kwa kila rundo. Kwangua upande wenye kivuli, usiogusa udongo.

3. Tia mililita 8 hivi kwenye chupa ya mililita 50 yenye mililita 40 za ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, utikise. Usijaze kinyesi kwa tamaa: kina maji, ethanoli itazimuka, na bakteria wataendelea kuila DNA.

4. Andika lebo kwa penseli, uitumbukize ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka ethanoli ikivuja, ukabaki na chupa zisizo na jina. Rekodi GPS, tarehe na mzingo wa bonge, unaosaidia kukadiria umri wa tembo.

Maabara irudie PCR (njia ya kunakili DNA hadi iwe nyingi ya kupimika) mara kadhaa kwa kila sampuli. DNA ikiwa kidogo, aleli moja (nakala moja kati ya mbili za alama ya urithi, ya baba au ya mama) hukosekana, na tembo mmoja akahesabiwa wawili.

Maswali

*Liwale:* Shikamoo mwalimu. Ethanoli huku adimu. Gongo je, au spiriti ya dukani?

Marahaba. Gongo ina maji mengi, na spiriti ya dukani imetiwa kemikali nyingine. Afadhali chembe kavu za silika, zinazofyonza maji, uzito mara nne ya kinyesi au zaidi; zikibadilika rangi, weka nyingine.

*Masasi:* Tutajuaje kama wanaofuata mabibo kwenye mikorosho ni walewale kila mwaka?

Linganisha maikrosateliti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, ambavyo hutofautiana kati ya tembo na tembo) za sampuli za kila msimu. Zikilingana zote, ni tembo yuleyule. Kusanyeni na porini pia, msiishie shambani.

*Nachingwea:* Kwenye ujangili inasaidiaje?

Kinyesi cha mahali panapojulikana hutengeneza ramani ya DNA, kisha pembe zilizokamatwa hulinganishwa nayo. Mwaka 2015 mwanabiolojia wa Marekani Samuel Wasser na wenzake walionyesha kwamba pembe nyingi za tembo wa savana walizopima zilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na upande jirani wa Msumbiji.

*Nanyumbu:* Kinyesi cheupe cha fisi kinafaa?

Weupe ni mifupa, na kikifika hapo kimekauka, DNA imechakaa. Tafuta cha kijani, laini. Vaa barakoa, usikipondeponde: kina mayai ya minyoo.