Ndorobo: kinga ya ng'ombe ipangwe kwa kuangalia joto

Mfugaji anayechunga kwenye miombo ya Tabora au Katavi akiona ng'ombe wamedhoofu mwezi Oktoba, hulaumu mbung'o waliomsumbua wiki hiyo. Ukweli ni kwamba ugonjwa huo, ndorobo (nagana), ulianza kuandaliwa mapema, ndani ya mwili wa mbung'o.

Mbung'o akinyonya damu ya mnyama mwenye ndorobo, hawezi kuambukiza mwingine siku hiyo hiyo kwa njia ya kawaida. Vimelea lazima vikomae kwanza. Vile vya aina ya vivax hubaki mdomoni na huwa tayari kwa wiki moja au mbili. Congolense hushuka tumboni kisha hurudi mdomoni, safari ya wiki mbili au tatu. Brucei, ambao jamii zake mbili ndizo huleta malale kwa binadamu, huishia kwenye tezi za mate na huchelewa zaidi.

Joto likipanda, safari hiyo hufupika. Baridi ya Juni na Julai huirefusha, na mbung'o wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Buu nalo, akishajifukia kwenye mchanga wenye kivuli na kugeuka pupa mweusi kama punje, hukaa karibu mwezi mmoja penye nyuzi 25, lakini penye nyuzi 20 hupita mwezi na nusu. Hata hivyo baridi isikupe usingizi: vivax, kwa njia yake fupi, huwahi.

Jua la Septemba na Oktoba likiwa kali, mbung'o hukimbilia vichaka vya kando ya mito, huko huko unakonyweshea. Njaa nayo humfanya apokee vimelea kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mimi ningeanza kinga Agosti, si baada ya ng'ombe wa kwanza kulala chini.

Nyunyizia deltametrini, dawa ya kuua wadudu, miguuni na tumboni, kwani huko ndiko mbung'o hupenda kuuma. Dawa hutumika kidogo kuliko kuogesha mwili mzima. Tundika vyambo vya kitambaa cha buluu na cheusi vyenye dawa kando ya njia ya maji, na ufyeke majani yanayoviziba. Nywesha saa za mbung'o kutulia; asubuhi na jioni ndipo wengi wao huwinda.

Ukiona tezi za mbele ya bega zimevimba, ufizi umepauka na manyoya yamesimama, mwite mtaalamu wa mifugo achukue damu. Diminazini hutibu, isometamidiamu hukinga kwa miezi miwili hadi minne, kutegemea uzito wa mashambulizi. Pima uzito kwa mkanda wa kifuani kabla ya kuchoma sindano. Wanaokadiria kwa macho huwapa ng'ombe wakubwa dozi pungufu, na vimelea vinavyonusurika huzoea dawa.