Redio upepo nyuma ya pazia: mambo ya kuzingatia kabla ya igizo la shule

Igizo lilikuwa limefika katikati. Nilibonyeza kitufe cha redio nikamwambia mwanafunzi aliyekuwa kwenye taa, "Usizime taa." Yeye akasikia "zime taa", akazima. Bwalo zima likaguna, wazazi wakidhani umeme umekatika, na binti aliyekuwa akisema maneno yake akabaki amesimama gizani. Kijana wa taa hakuwa na kosa. Alitii alichokisikia.

Ndiyo maana mwalimu wa sanaa hapa Dodoma akiniuliza anunue redio gani, mimi huanza na maneno yatakayopita ndani ya redio hizo. Redio upepo (walkie-talkie) za bei nafuu zina tabia moja: ukibonyeza kitufe, hupita kitambo kidogo kabla redio haijaanza kurusha sauti na nyingine kuipokea. Anayebonyeza na kusema papo hapo hupoteza silabi ya kwanza, pengine mbili. Sasa angalia Kiswahili kinaweka wapi ukanushi wake: mwanzoni kabisa mwa kitenzi. "Usifungue" ikikatwa kichwa inabaki "fungue". "Hajaingia" inabaki "ingia". Maana inageuka kinyume chake, na anayesikiliza hana namna ya kujua kwamba kuna kilichopotea.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, kubalianeni kwamba redioni hakuna amri ya kukanusha. Badala ya "usizime" sema "subiri, subiri", mara mbili. Bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme. Neno la kutenda liwe la mwisho, lisiwe la kwanza: "Taa, namba kumi na mbili... achia." (Kila badiliko la taa au pazia hupewa namba yake kwenye igizo.) Sisi tulichagua "achia" baada ya kuhangaika na "sasa". Neno "sasa" halifai hata kidogo, kwa sababu linatutoka bila kukusudia: sasa sikiliza, sasa yule yuko wapi. "Tayari" nalo lina maana mbili, niko tayari au nimeshafanya, na katikati ya hizo mbili pazia linaweza kumwangukia mtu. Neno la kujiandaa likae peke yake, "jiandae", na anayeambiwa ajibu kwa kutaja kazi yake: "Taa, najiandaa." Kimya kisihesabiwe kuwa ni jibu.

Kisha hesabu watu. Redio hizi hubeba sauti moja kwa wakati mmoja; wawili wakibonyeza pamoja, wote wanaharibikiwa. Kwa bwalo la kawaida, watano wanatosha: msimamizi wa jukwaa, taa, sauti, pazia na mmoja upande wa maleba. Mwongozaji asipewe. Nalisema hili kwa upendo, maana mwongozaji mwenye redio hushindwa kunyamaza, na usiku wa onyesho kazi ni ya msimamizi wa jukwaa.

Kuhusu redio zenyewe, inayopatikana kwa urahisi ni Baofeng BF-888S na zinazofanana nayo. Ina chaneli 16, haina kioo, na hufanya kazi kati ya megahezi 400 na 470. Kwa jukwaa la shule inatosha kabisa, ila ipangwe kwanza kwa kompyuta. CHIRP ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo kwa kutumia waya wa USB. Humo zima ile sauti inayotangaza namba ya chaneli kila redio inapowashwa, kwani itasikika hadi safu ya tatu ya viti. Punguza pia nguvu ya kurusha. Mtu wa pazia na mtu wa taa wametengana mita thelathini tu, na nguvu ndogo hutunza betri na hupunguza mngurumo kwenye amplifaya. Redio inayorusha karibu na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) huweza kuingia kwenye spika, kwa hiyo mtu wa sauti asimame hatua chache pembeni anapojibu, na jaribuni pamoja na maikrofoni zisizo na waya zikiwa zimewashwa zote.

Hapa pana jambo la sheria ambalo wengi hulipita. Masafa yaliyomo ndani ya redio inapotoka kiwandani hayakupangwa kwa kufuata mgawo wa Tanzania. Yanaweza kuwa ya walinzi au ya taasisi, na mji huu ni makao makuu ya serikali. Matumizi ya masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Shule iwaulize kabla ya kununua, na kwa barua. Usidanganywe na Ulaya, ambako redio za megahezi 446 zenye nguvu ya nusu wati hutumika bila leseni. Ruhusa ya kwao haivuki mpaka. Na ile milio ya siri ambayo wauzaji huita faragha haifichi chochote. Inazuia wewe usiwasikie wengine, wao wanakusikia.

Simu? Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, na siku ya mahafali mtandao huelemewa. Inawezekana kutumia simu za walimu kupitia ruta isiyo na bando lolote, kwa programu ya kuzungumza kama Mumble iliyowekwa kwenye kompyuta ya shule. Faida yake ni kwamba watu wanaweza kusikilizana kwa pamoja. Lakini jaribuni bwalo likiwa limejaa, kwa sababu miili ya watu hunyonya mawimbi ya Wi-Fi, na majaribio ya ukumbi mtupu hudanganya.

Kila redio iwe na kisikilizio cha sikio moja, chenye pini mbili za aina ya Kenwood. Sikio la pili libaki wazi kwa ajili ya igizo. Akina mama wakianza muheme, ngoma ya Wagogo, mlio wake hujaza bwalo kiasi kwamba hata kisikilizio hakifui dafu, na mvua ya Januari juu ya bati ni vivyo hivyo. Kwa vipindi hivyo muwe na tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu: ikiwaka, jiandae, ikizimika, achia. Tochi hiyohiyo ndiyo itakayowaokoa betri ikiisha.

Chaji redio zote usiku wa kuamkia siku ya onyesho, si asubuhi ya onyesho. Zibandike tepu yenye jina la kazi, si jina la mtu, ili mtu akiugua mwingine ashike kazi yake. Halafu fanyeni mazoezi mara moja bila waigizaji, bwalo tupu, mkisoma igizo zima kwa namba za taa na pazia tu. Kijana wangu wa taa sasa ndiye anayewafundisha wadogo zake, na kitu cha kwanza anachowaambia ni kuvuta pumzi kabla ya kusema.