Somo: Kompyuta nne, swichi ya kawaida, kazi moja

Ndugu zangu wa Tanga, msisubiri vifaa vya bei mbaya ili kujenga klasta, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi moja. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA waliunganisha kompyuta 16 za 486 kwa Ethaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, wakaiita Beowulf. Leo kompyuta kuukuu za ofisini zina gigabiti 1.

Hatua ya 1. Swichi iwe ya klasta peke yake, kebo ziwe Cat5e au zaidi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi. Pini zikishika kutu, kadi ya mtandao inaweza kushuka hadi megabiti 100 bila kukuambia. Kwenye Linux, andika `ethtool enp3s0` (weka jina la kadi yako), uhakikishe imeandika 1000Mb/s.

Hatua ya 2. Pima kasi kati ya kompyuta mbili kwa iperf3, programu ya kupima mtandao. Ukipata kama megabiti 940, endelea.

Hatua ya 3. Hapa tutulie, maana wengi hukwama hapa wakalaumu swichi. Kadi nyingi hulimbikiza pakiti (vipande vya data) kidogo kabla ya kuishtua prosesa. Ukipakua faili kubwa, hiyo ni nafuu. Kwenye klasta, kompyuta tatu zimekaa bure zikingoja namba moja kutoka kwa ya nne. Zima kulimbikiza:

`sudo ethtool -C enp3s0 rx-usecs 0`

Pima kwa ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) kabla na baada. Prosesa itashtuliwa mara nyingi zaidi. Mimi naona ni gharama ya haki.

Hatua ya 4. Rekebisha programu yako ya MPI (njia ya programu kutumiana ujumbe kati ya kompyuta). Mnakumbuka matishari yakienda kuchukua shehena kwenye meli zilizotia nanga nje? Safari ni ileile, ubebe gunia moja au ujaze. Basi kusanya namba elfu, uzitume kwa ujumbe mmoja.

Maswali

*Shikamoo fundi. Nimeweka MTU 9000, sasa ujumbe mkubwa haufiki.*
Marahaba. MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti. Kuna kompyuta iliyobaki na 1500, au swichi haipokei fremu kubwa. Jaribu `ping -M do -s 8972` kutoka kila kompyuta kwenda kwa kila mwenzake. Ikigoma, rudisha 1500 kote.

*Kaka, nikitumia Wi-Fi je? Kuvuta kebo Ngamiani hadi chumba cha pili ni usumbufu.*
Vuta kebo, dada. Hewani wote mnapokezana njia moja, na kompyuta moja ikichelewa, zote zinaingoja.

*Kadi mbili kwa kila kompyuta zitaongeza kasi?*
Zitaongeza upana, kama Beowulf walivyofanya. Muda wa ujumbe mdogo kufika haupungui, kwa hiyo maliza hatua ya 3 kwanza.