SOMO: Kula futari ushibe bila ya kuvimbiwa (someni kabla hamjaniuliza)

Kila Ramadhani suali ni hilo hilo, "mbona nikishafuturu siwezi hata kuinuka", sasa naandika mara moja, atakaeuliza tena namtumia linki.

Tumbo likiwa tupu linatoa homoni inaitwa grelini (Wajapani waliitangaza 1999), inapanda mpaka haipothalamasi huko chini ya ubongo, ndo unahisi njaa. Ukianza kula tumbo linatanuka, mshipa wa fahamu wa vagasi unapeleka habari, halafu utumbo nao unatoa homoni za kwake, CCK na GLP-1, za kusema basi. Habari hizo mpaka zikolee ni kama dakika 20, na wewe kwa dakika 20 ushamaliza sahani mbili za muhogo wa nazi.

1. Tende na maji.

2. Kasali Maghrib. Sambusa iache mezani.

3. Uji, kikombe kimoja.

4. Pakua MARA MOJA, na uchague. Hapa ndo wengi wanaharibu. Hamu inachoka kwa ladha moja moja, haichoki yote kwa pamoja, kwa hiyo umeshakinai muhogo na samaki, ukiona tambi za sukari hamu inafufuka, ukimaliza tambi unaona kachori, na jamvi la futari letu lina vitu vinane! Chukua viwili vya wanga basi, na samaki au kunde uanze nazo, protini inashibisha zaidi.
TAHADHARI: juisi. Sukari yote inaingia lakini shibe yake ndogo, glasi tatu za ukwaju na bado unakula vile vile.
TAHADHARI ya pili: mwenye kisukari aongee kwanza na daktari wake, asinifate miye.

5. Ukiwa bado unataka, rudi baada ya Tarawehe.

MASUALI

– Shekhe sijasoma yote, kwa ufupi nile nini?
Hatua ya 4.

– Si utwambie dawa ya kukata njaa tu tupumzike?
Wapi nimeandika dawa? Zipo sindano zinazoiga GLP-1, lakini ni za kuandikiwa na daktari. Bei usiniulize.

– Maalim, mimi saa saba mchana njaa inaniuma khasa, saa kumi naona imeondoka wenyewe na sijala kitu. Imekwendaje?
Ahsante dada, suali zuri. Grelini inafata mazoea, saa uliyozowea kula chakula cha mchana inapanda kukusubiri, usipokula inashuka wenyewe baada ya muda. Ndo maana siku za mwanzo za mfungo ni nzito kuliko za mbele. Na angalia usingizi, anaekesha akala daku bila ya kulala kesho yake anakuwa na hamu zaidi, khasa ya vitamu.

– Na leptini nimesikia, hiyo nayo ni nini?
Inatoka kwenye mafuta ya mwili, iligunduliwa Marekani 1994. Hiyo si ya mlo mmoja, inampa ubongo hesabu ya akiba. Ukikonda inashuka na njaa inazidi, ndo maana wanaojikondesha kwa pupa wanarudi walikotoka.

– Samahani natoka nje ya mada, mkate wangu wa kumimina hautoi vitundu.
Hamira hiyo. Itie kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, isipotoa povu itupe. Na tui lisiwe la moto, utaiua.