Kabla hujalipa kipindue: kuchagua kiti cha zamani cha mbao

Idi moja baba mkubwa alikuja kula kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nikamkalisha kwenye kiti nilichokuwa najivunia kuliko vyote, kile cha mbao iliyopindwa mgongo duara, vanishi inang'aa hadi unajiona uso. Sahani ya pilau haijafika mguu wa nyuma ukaachia, mzee huyo chini na kanzu yake nyeupe. Hakuumia ila mpaka leo akija anauliza "hiki nacho cha mnadani?" kabla hajakaa.

Vilikuwa sita, nilivinunua mnadani elfu thelathini kila kimoja nikajiona mjanja. Nilipokipeleka kwa fundi, mzee wa makamo anayekereza miguu ya vitanda, hata hakukiangalia usoni, alikipindua miguu juu akachokonoa na ncha ya msumari pale mguu unapoingia kwenye duara la kukalia, likatoka donge la unga wa mbao na gundi. Tundu zima lilikuwa limejazwa hivyo halafu likapakwa vanishi juu. Akaniambia "Mwanangu, kiti hakitazamwi usoni, uso wanauosha wote."

Kwaiyo hatua ya kwanza ni hiyo, kipindue, na muuzaji akinuna jua kuna kitu. Chini ndo hakuna mtu anahangaika kupamba. Mbao ya zamani kwa chini inakuwa kavu, rangi imefifia, haiko sawa kila sehemu, unaona alama za patasi au msumeno. Ukikuta chini kuna rangi ileile ya kahawia iliyopakwa vizuri kama juu, ama kimetengenezwa juzi ama kuna kidonda kimefichwa. Angalia na skrubu. Za nyota, zile zenye alama ya msalaba kichwani, zilianza kusambaa miaka ya 1930, ukiziona kwenye kiti unachoambiwa cha enzi za Mjerumani basi kimefanyiwa ukarabati au unadanganywa, ila ukarabati siyo dhambi, muhimu bei iuseme.

Halafu wadudu, hapa usiwe na haraka. Kiti kilichobunguliwa kina vitundu vidogo vya mviringo kama vya pini, vitundu peke yake visikutishe maana wanaweza kuwa walishahama miaka mingi. Kigongegonge juu ya gazeti au kitambaa cheusi, kikidondosha unga mpya mwepesi wa rangi ya mbao, wenyewe wapo ndani na ukikiingiza sebuleni kwako umewaletea wageni na makabati yako nayo wayaonje. Mchwa ni tofauti, wao wanakula ndani wanaacha ganda, kwaiyo gonga miguu kwa kifundo cha kidole usikilize, inayolia kama debe tupu achana nayo.

Hivi viti vya kupindwa nitavisemea kidogo maana ndo vimejaa kwenye nyumba za zamani za huku na ndo vinavyotuponza. Asili yake ni Austria, kampuni ya Thonet, kile namba 14 kilitoka 1859, vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, mbao inapigwa mvuke hadi inakunjika, na vilisafirishwa vikiwa vimefunguliwa, viti 36 vinaingia kwenye boksi la mita moja ya ujazo. Ndo maana vilifika kila bandari. Hataza yao, yaani haki ya kuvitengeneza peke yao, iliisha 1869 wengine wakaanza kuviiga, kwaiyo siyo kila duara ni Thonet, tafuta mhuri au karatasi upande wa ndani wa duara la kukalia. Mbao yake ni ya Ulaya, nyeupenyeupe ukiikwangua, na bungua, wale wadudu wa vitundu, wanaipenda kweli, haina ubishi wa mvule.

Vilivyotengenezwa huku ni habari nyingine. Mvule, mninga, msaji, unaanza kuvijua kwa uzito ukinyanyua. Msaji una mafutamafuta na harufu kama ya ngozi, hata leo unapandwa hapo Longuza, Muheza, kwaiyo usikubali msaji mpya uuzwe kwa bei ya uzee. Na mtu akikuletea kiti cha enzi, kile cha mbao nyeusi chenye mgongo mrefu wa kusukwa kamba na nakshi nyeupe, kwa bei ya kitanda cha futi nne, cheka naye tu mwachane salama. Kama nakshi ni pembe ya ndovu kweli utapata shida mpakani, na vitu vya kale vina sheria yake tangu 1964, kuvitoa nje ya nchi ni kwa kibali.

Baada ya hapo ndo ukae. Siyo kukaa kwa adabu, kaa kama unasubiri mechi iishe, jinyonge kulia na kushoto, egemea. Kikilia kwenye maungio siyo kesi, gundi imekufa tu, fundi anakifungua anakibandika upya. Kikicheza kwa sababu mbao yenyewe imepasuka kwenye ungio, acha. Pima na urefu, toka sakafuni hadi pa kukalia sentimita 43 mpaka 46 ndo inaenda na meza ya kawaida ya 75, vingi huku vimekatwa miguu kwa sababu ncha zilioza na maji ya kudekia, unakinunua kizuri halafu mezani kidevu kinagusa sahani.

Henzerani, ule ufito uliosukwa pa kukalia, ikitoboka ni kitu cha kuombea punguzo, mradi fremu nzima. Angalia kama fremu ina vitundu pembeni, hiyo inasukwa kwa mkono uzi mmojammoja na mafundi wake siku hizi wa kutafuta, ulizia bei ya kusuka kabla hujalipia kiti. Kamba ya mkonge rahisi zaidi, ikilegea inakazwa, na Tanga kukosa kamba ya mkonge itakuwa aibu.

Ukifika nacho nyumbani usikimbilie msasa. Kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kikamue, futa, kausha kivulini, halafu nta ya nyuki. Ile weusi wa mikononi mwa watu kwenye mikono ya kiti ndo uzee wenyewe uliolipia, ukiisugua umebaki na kiti cha kawaida. Kama unakipeleka Dodoma jua mbao iliyozoea hewa yetu ya bahari itasinyaa kule na maungio yatalegea, usikigundishe hapa, kiache kwanza kule miezi kadhaa.

Na kwenye bajaji mwambie dereva asikinyanyue kwa mgongo, ashike fremu ya kukalia. Mimi cha pili kati ya vile sita kiliniachia mkononi namna hiyo, mbele ya geti langu.